Kikohozi Kikavu Kisichosikia Dawa: Mwongozo Kamili wa Kutambua Mapema Mapafu Yanayoshambuliwa na Kinga ya Mwili

Mwezi wa saba, Makete, kwenye nyanda za juu kusini mwa Tanzania, maji ya bomba la uani yanauma kama moto. Mama alikuwa anaosha viazi mviringo kwenye karai. Akakohoa, akaacha kuosha, akainua mikono na kuitazama. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vyeupe kuanzia kiungo cha kati hadi kwenye kucha, kana kwamba amevichovya kwenye unga wa sembe, na mpaka kati ya weupe ule na ngozi yake ulinyooka kama umepigwa rula. Akavibana kwapani. "Baridi tu hii," akasema. Baada ya muda vikawa na rangi ya zambarau, halafu vikaanza kuchoma.

Wakati huo alikuwa amemaliza dozi ya pili ya antibayotiki kwa ajili ya kikohozi. Hakuna aliyeunganisha kikohozi na vidole, na mimi pia sikuunganisha. Baadaye alipewa dawa ya pumu ya kuvuta, kisha dawa za kifua kikuu miezi sita, ingawa kwenye makohozi yake hakikuonekana kitu. Ilikaribia miaka miwili ndipo daktari mmoja kijana, kabla hata hajamwekea chombo kifuani, akamwambia, "Shikamoo mama. Naomba mikono yako." Mama akamjibu, "Marahaba mwanangu. Nimekuletea kifua, wewe unataka mikono?"

Alikuwa na skleroderma. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, ilikuwa imegeuka na kushambulia tishu zinazoshikilia mwili: ngozi, mishipa midogo ya damu, na nyuzinyuzi laini zilizo kati ya vifuko vya hewa vya mapafu. Ugonjwa huu una ndugu zake: baridi yabisi, lupasi, ugonjwa wa Sjögren unaokausha macho na kinywa, na magonjwa ya misuli kama polimayositisi na dermatomayositisi. Wengi wetu tunayajua kwa maumivu ya viungo au mabaka ya ngozi. Tusichokijua ni kwamba kwa baadhi ya wagonjwa mapafu hutangulia. Kikohozi na pumzi fupi huanza miezi, wakati mwingine miaka, kabla kiungo hata kimoja hakijavimba. Na kovu likishajengeka kwenye pafu halifutiki. Dawa hulizuia lisienee, ndiyo maana kila mwezi unaopotea una gharama yake.

Naandika kwa ajili ya mgonjwa na anayemsindikiza. Kuthibitisha na kutibu ni kazi ya daktari, lakini kufika kwake ukiwa na habari zilizokamilika ni kazi ambayo sisi tunaiweza.

Hatua ya 1: Kitambue kikohozi chenyewe

Kikohozi ninachokizungumzia ni kikavu. Hakitoi makohozi, au hutoa kidogo sana. Hakina msimu wala hakina homa ya maana. Kinachokwenda nacho ni pumzi kuisha wakati wa kazi: mtu aliyekuwa anapanda na ndoo kutoka mtoni bila kusimama sasa anasimama mara moja, baada ya miezi miwili mara tatu. Wengi husema "nimezeeka" au "nimepungukiwa damu". Muulize hivi: mwaka jana mwezi kama huu, mlima huohuo, ulikuwa unasimama mara ngapi?

Pumu huja na kuondoka, mara nyingi usiku, na kifua hupiga filimbi. Huu hauondoki, unaongezeka polepole, na filimbi mara nyingi haipo. Daktari akisikiliza mgongoni, chini kabisa ya mbavu, mgonjwa akivuta pumzi ndefu, husikia mlio mkavu wa kuchanika, kama mkanda wa kunata wa kiatu cha mtoto unapobanduliwa. Mlio huo ukisikika pande zote mbili, usikubali kurudishwa nyumbani na dawa ya kikohozi.

Hatua ya 2: Kifua kikuu kwanza, na kwa ushahidi

Nchini kwetu kikohozi cha wiki mbili au zaidi lazima kipimwe kifua kikuu. Hilo halina mjadala, na silaumu mtu yeyote aliyeanzia hapo. Toa makohozi, omba yapimwe kwa mashine ya GeneXpert, pima na virusi vya Ukimwi. Huduma za kifua kikuu kwenye vituo vya serikali hutolewa bure.

Tatizo huanza pale makohozi yanaposema hapana, picha ya kifua ina ukungu usioeleweka, na mgonjwa anaanzishiwa dawa kwa kukisia. Wakati mwingine ni uamuzi sahihi, kwa kuwa kifua kikuu kinaweza kujificha. Usiache dawa hizo kwa uamuzi wako mwenyewe. Ila weka alama kwenye kalenda: baada ya miezi miwili ya dawa, je, kikohozi kimepungua, uzito umeongezeka, pumzi imerudi? Kama hakuna kilichobadilika, rudi na useme wazi: "Daktari, makohozi hayakuonyesha kitu, na dawa hazijanisaidia. Je, inaweza kuwa ni kitu kingine?" Swali hilo sisi tulilichelewesha hadi dozi ilipoisha.

Jambo moja la kukumbuka baadaye: isoniazidi, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, inaweza yenyewe kuifanya damu ionyeshe dalili za lupasi kwenye kipimo. Kwa hiyo daktari atakayekupima ajue umewahi kuzitumia na lini ulimaliza.

Hatua ya 3: Itazame mikono

Hapa ndipo nyanda zetu za juu zina faida ambayo watu wa pwani hawana. Ugonjwa wa vidole kubadilika rangi kwa baridi ulielezwa na daktari Mfaransa Maurice Raynaud mwaka 1862, na huitwa kwa jina lake mpaka leo. Mtu wa Kyela, kule chini kwenye joto, anaweza kuwa nao asijue mpaka apande Njombe mwezi wa sita. Kwetu Makete, Mufindi au Uporoto, baridi hukupimia bure kila asubuhi.

Rangi huenda kwa mpangilio: weupe, kisha zambarau au weusi-buluu, kisha wekundu na kuchoma damu inaporudi. Kwenye ngozi nyeusi weupe unaweza kukupita, kwa hiyo tazama upande wa kiganja na chini ya kucha. Piga picha kwa simu papo hapo. Picha moja kama hiyo ina maana kuliko maelezo ya nusu saa, maana ukifika chumba cha daktari vidole vitakuwa vimesharudi rangi yake.

Si kila mwenye vidole hivi ni mgonjwa. Wanawake wengi huwa navyo tangu usichana wao, mikono yote sawasawa, bila vidonda, na huishi maisha yao yote salama. Kinachotia shaka ni vikianza ukubwani, vikiacha vidonda au makovu madogo kwenye ncha, au vikiambatana na uvimbe. Pete ya ndoa ya mama ilikuwa imekataa kutoka tangu mwaka uliotangulia, tukasema amenenepa mikono, wakati mwili mzima ulikuwa unapungua. Yule daktari alijaribu kubana ngozi ya juu ya kidole chake kwa vidole viwili ikunjike. Haikukunjika. Ilikuwa imekaza kama ngozi ya ngoma.

Kisha tazama pembeni mwa kidole gumba na kidole cha shahada. Nyufa kavu, ngumu, zenye mistari myeusi kama ya fundi gereji ni dalili ya ugonjwa mmoja wa misuli unaopenda sana mapafu. Najua, huku kila mkulima ana mikono iliyopasuka. Tofauti ni hii: nyufa za jembe huwa pale mpini unapogusa, na hupona ukipumzika. Hizi ziko mikono yote miwili, ubavuni mwa vidole, na hazisikii mafuta wala mapumziko.

Juu ya vifundo vya vidole tafuta vibaka vilivyoinuka, ambavyo kwenye ngozi yetu huonekana vyeusi au vya zambarau kuliko vyekundu. Mwisho, gusanisha kucha za vidole viwili vya shahada, mgongo kwa mgongo. Mtu mwenye afya huona kijidirisha cha umbo la almasi kati yake. Kikiwa kimeziba, ncha za vidole zimevimba, na pafu au moyo lazima vichunguzwe, iwe ni kinga ya mwili au sababu nyingine. Mbinu hiyo ilitolewa na daktari wa Afrika Kusini, Leo Schamroth, aliyeiona kwenye vidole vyake mwenyewe.

Hatua ya 4: Uliza mwili mzima, kwa maswali ya maisha ya kila siku

Ukimuuliza mzee wetu "je, misuli yako ni dhaifu?" atasema hapana. Muulize kama anaweza kuinuka chooni bila kushika ukuta. Muulize kama anaweza kusuka nywele za mjukuu bila kushusha mikono kupumzika, au kujitwika ndoo mwenyewe. Misuli ya mabega na mapaja ndiyo huanza kuishiwa nguvu.

Asubuhi, je, vidole vinachukua zaidi ya nusu saa kukunjuka? Anaweza kufunga vifungo vya sweta kabla ya chai? Je, ugali haushuki bila kusukumwa na maji, na macho yanahisi kama yana mchanga? Kiungulia kimeongezeka, chakula kinakwama kifuani? Nywele zinadondoka, vidonda vya mdomoni vinarudi, mabaka mashavuni yanazidi juani? Je, hupata kichomi kila akivuta pumzi, bila nimonia kuonekana?

Jibu moja la ndiyo si ugonjwa. Mawili au matatu, pamoja na kikohozi kile, ni sababu ya kudai uchunguzi. Na majibu yakiwa hapana yote, yaandike hivyohivyo na uulize tena baada ya miezi mitatu, kwa sababu dalili za viungo na ngozi zinaweza kufuata nyuma. Mwaka 2015 vyama vya madaktari wa mapafu vya Ulaya na Marekani viliwawekea jina, IPAF, wagonjwa wa namna hiyo, wenye pafu lililoathirika na dalili chache tu za kinga kujishambulia, ambazo hazijatosha kuuita ugonjwa kwa jina lake.

Hatua ya 5: Andika kazi, moshi na dawa

Makovu ya mapafu yana sababu nyingi. Jiko la kuni lisilo na dirisha, mahindi au majani yaliyoota ukungu, kufuga njiwa ndani ya nyumba, vumbi la mbao kule Mafinga, yote yaandikwe. Waliochimba dhahabu Chunya walitaje hilo kwa miaka na kwa aina ya kazi, hasa waliokuwa kwenye kusaga mawe. Vumbi la mwamba lenye silika huharibu mapafu lenyewe, na pia huongeza uwezekano wa kupata skleroderma na baridi yabisi. Uhusiano wa vumbi hilo na skleroderma ulielezwa mwaka 1957 kwa wachimba dhahabu wa Witwatersrand, Afrika Kusini. Waliofanya kazi kwenye makaa ya mawe, kama ya Kiwira, nao waseme: mwaka 1953 huko Wales, Anthony Caplan alieleza vinundu vya mapafu kwa wachimba makaa wenye baridi yabisi.

Orodhesha na dawa zote. Methotreksati, inayotibu baridi yabisi, na nitrofurantoini ya maambukizi ya mkojo zinaweza kudhuru mapafu kwa baadhi ya watu.

Hatua ya 6: Pima oksijeni kwa akili ya huku juu

Kipima oksijeni cha kidoleni sasa kiko kwenye vituo na maduka kadhaa ya dawa. Kina mitego mitatu. Kidole baridi hudanganya, na vidole vya ugonjwa huu ndivyo baridi kuliko vyote: pasha mikono kwanza kwa dakika kumi, kikombe cha chai kinatosha. Rangi ya kucha iondolewe. Na kumbuka mwinuko. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Kitulo inapita 2,600. Hata mtu mwenye afya kamili husoma chini kidogo kuliko angesoma Kyela. Njia rahisi ni kumpima mtu mwenye afya wa nyumba hiyohiyo, benchi hilohilo, dakika hiyohiyo, na kulinganisha.

Namba ya kukaa peke yake haitoshi. Kama akiwa amekaa ana 92 au zaidi na hana maumivu ya kifua, akae kwenye kiti kisicho na mikono, ainuke na kukaa kwa mwendo wake kwa dakika moja, kipimo kikiwa kidoleni. Angalia namba ya chini kabisa, pamoja na dakika moja baada ya kumaliza. Ikishuka kwa 4 au zaidi, andika na uipeleke hospitali. Mama alisoma 93 akiwa amekaa, namba ambayo huku juu haishtui mtu. Baada ya kuinuka mara kumi na mbili ilikuwa 86.

Hatua ya 7: Vipimo, kwa mpangilio wa mfuko

Anza na vya bei ndogo ambavyo watu huviruka: presha, na mkojo kwa kijiti. Protini au damu kwenye mkojo pamoja na kikohozi kile hubadilisha haraka ya jambo zima. Halafu picha kamili ya damu, figo, ini, na ESR, kipimo cha damu kinachoashiria uvimbe mwilini. Angalizo kuhusu ini: kimeng'enya cha AST hutoka pia kwenye misuli. Kikiwa juu, omba kipimo cha misuli kinachoitwa CK kabla hujaanza kutibiwa ini lisilo na kosa.

Picha ya kawaida ya kifua inaweza kuwa safi katika hatua za mwanzo. Ikiwa safi haifungi kesi. Kinachoona ni CT skani ya vipande vyembamba, ambayo kwenye fomu huandikwa HRCT. Haihitaji dawa ya kuchoma kwenye mshipa, na mgonjwa anaweza kulazwa kifudifudi kwa picha za ziada ili kutofautisha ugonjwa na uzito wa pafu lenyewe. Ripoti itasema kama kuna ukungu (ground-glass), ambao huenda ni uvimbe unaotibika bado, au matundu kama sega la nyuki (honeycombing), ambayo ni kovu lililokomaa. Uliza maneno hayo mawili kwa jina.

Kipimo cha kupuliza, spirometria, huonyesha kama pafu limesinyaa au njia ya hewa imebana. Pafu likiwa limesinyaa, dawa ya pumu haitafua dafu.

Vipimo vya kinga vinagharimu na mara nyingi sampuli husafirishwa. Kama fedha ni za kuchagua, jadili na daktari kuanza na ANA, kipimo cha jumla cha kinga inayoushambulia mwili wenyewe, pamoja na RF na anti-CCP vya baridi yabisi. Ziada kama Scl-70 ya skleroderma, Ro ya Sjögren na Jo-1 ya magonjwa ya misuli zifuate kulingana na mikono ilivyosema. ANA ya kiwango cha chini hupatikana hata kwa watu wazima wa afya, kwa hiyo karatasi peke yake haimfanyi mtu mgonjwa. Wala karatasi safi haimponyi mwenye vidole vyeupe na pafu linalolia.

Hatua ya 8: Rufaa

Ngazi zinajulikana: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na kwa yanayoshindikana, Muhimbili. Madaktari bingwa wa magonjwa haya nchini ni wachache, hivyo mara nyingi utaonwa na bingwa wa magonjwa ya ndani. Anatosha kuanza, akiwa na habari zako zote.

Andaa ukurasa mmoja tu. Tarehe kikohozi kilipoanza. Dawa zilizotumika, kwa mfuatano, na kama zilisaidia. Majibu ya makohozi. Namba za oksijeni. Picha za vidole ndani ya simu. Skani ichukuliwe kwenye CD, siyo ripoti peke yake, ili bingwa aitazame kwa macho yake. Mwenye bima aulize dirishani, kabla ya kusafiri, kama barua ya rufaa imekamilika na kama kipimo kinalipiwa.

Hatua ya 9: Kabla ya kidonge cha kwanza cha prednisoloni

Hapa naomba usome polepole. Prednisoloni na deksamethasoni, dawa za steroidi zinazotuliza kinga ya mwili, huuzwa ovyo, na mgonjwa wa kikohozi hiki akizimeza hujisikia nafuu kwa wiki moja. Mama aliuziwa, na akashukuru. Lakini dawa hizi zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, homa ya ini aina ya B, na minyoo ya strongiloidi ikasambaa mwilini. Kwa mwenye skleroderma dozi kubwa inaweza kuangusha figo ghafla, na dalili ya kwanza ni presha kupanda. Ndiyo maana kifua kikuu, Ukimwi, homa ya ini B, sukari na presha hupimwa kwanza. Na aliyezitumia kwa wiki kadhaa asiache ghafla.

Matibabu ya muda mrefu hutegemea ugonjwa: mikofenoleti, azathioprini, siklofosfamidi, rituksimabu, na nintedanibu inayopunguza kasi ya kovu, ambayo ni ghali. Damu hupimwa mara kwa mara. Mwanamke anayeweza kushika mimba aseme mapema, kwa sababu mikofenoleti, methotreksati na siklofosfamidi hudhuru mtoto tumboni. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya prednisoloni, kwa hiyo anayetumia zote mbili daktari wake ajue.

Hatua ya 10: Nyumbani, na lini kukimbia

Jiko la moshi lihame au mgonjwa ahame jikoni. Sigara iishe. Glavu za sufu ndani, za plastiki juu, kabla ya kugusa maji, na maji yenyewe yapashwe. Mwenye kiungulia ainue kichwa cha kitanda kwa matofali, asilale mara baada ya kula. Aulizie chanjo za nimonia na mafua.

Usisubiri kliniki kama pumzi inaisha akiwa amekaa, oksijeni iko chini ya 90 baada ya mikono kupashwa, midomo imebadilika rangi, homa imeingia kwa anayetumia dawa za kushusha kinga, presha imepanda ghafla na kichwa kinauma, au vibaka vya vifundoni vimetokea na pumzi inazidi kufupika ndani ya siku au wiki chache. Hali hiyo ya mwisho inakwenda kasi kuliko zote.

Kinachobaki ni daftari. La mama ni la shule, la kurasa 48, linaning'inia kwa kamba karibu na meza ya chai. Kila Jumapili asubuhi anaandika mwenyewe, akiwa ameshika kikombe kwanza: namba ya kukaa, namba ya baada ya kuinuka, na amesimama mara ngapi akipanda kutoka bombani. Jumapili iliyopita ameandika 93, 89, mara mbili. Mwezi wa tatu ilikuwa 93, 88, mara tatu.